Nilivyoyatafuta Maziwa ya Kibuyu

Ndugu msomaji, je, unakumbuka maziwa ya mgando uliyokunywa ulipokuwa mtoto? Mimi ninayakumbuka. Bibi yangu aliishi Nkoaranga, katika miteremko ya Mlima Meru. Alikuwa na kibuyu kirefu chenye kifuniko cha ngozi. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa kukigusa. Jioni alikitikisa, akatumiminia maziwa mazito yanayonukia moshi. Yalikuwa na vidoa vyeusi vya mkaa. Tulivinywa navyo.

Leo mimi ni Bibi Shamba. Ninaishi Njiro, Arusha. Mwaka jana mama yangu aliugua, na chakula kikamshinda. Alitaka kitu kimoja tu: maziwa ya kibuyu kama yale ya mama yake.

Nilianza madukani. Nilikuta mtindi wa pakiti, mtindi wenye sukari, hata jibini. Mama alionja kijiko kimoja, akanirudishia kikombe. "Haya ni maziwa, mwanangu," alisema, "lakini si yale."

Basi nikajiambia kwamba mimi nimesomea kilimo na mifugo, nitayatengeneza mwenyewe. Nilinunua kibuyu kipya katika soko la Kilombero. Nilinunua maziwa lita 3, nikayachemsha vizuri kama ninavyowafundisha wengine. Yalipopoa niliyamimina kibuyuni. Siku ya tatu nilifungua. Yalikuwa machungu, tena yananuka vibaya. Nikayamwaga. Jinsi watoto wangu walivyonicheka, sitaieleza hapa.

Siku iliyofuata nilikwenda sokoni Ngaramtoni. Nilimkuta mama mmoja mzee anauza maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yaliyonipata. Akaniuliza, "Kibuyu umekinunua lini?" Nikamjibu. Akatikisa kichwa. "Umenunua leo, ukatia maziwa leo?"

Ndugu msomaji, sikiliza aliyonifundisha. Kibuyu kipya kina uchungu. Toa mbegu zote, kijaze maji, na ubadilishe maji kila siku mpaka uchungu uishe. Kisha kikaushe juani. Tafuta kijiti kikavu cha mti ambao Wamasai na Waarusha huuita oloirien. Huu ni mzeituni wa porini. Kijiti kiwe na unene wa kidole. Kichome mpaka ncha iwe kaa jekundu. Ingiza ncha hiyo kibuyuni, usugue kuta za ndani pande zote. Ziba mdomo kidogo ili moshi ubaki ndani. Halafu kung'uta mkaa. Kila ukitaka kutia maziwa mapya, osha kibuyu kwa maji ya moto, kikauke, kisha ukichome tena hivyo.

Moshi huu si wa harufu tu. Huua vijidudu vingi vilivyojificha ndani ya kibuyu, na maziwa hukaa muda mrefu zaidi. Jirani zetu pia wanajua jambo hili. Wakalenjin wa Kenya hutengeneza mursik katika vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa. Wanariadha wao wakirudi na ushindi, hupokewa uwanja wa ndege kwa mursik. Watu wa Ankole, Uganda, hufukiza vyombo vyao vya maziwa kwa nyasi iitwayo emburara.

Lakini kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. "Uliyachemsha?" aliniuliza yule mama. "Basi umewaua na wale wanaogandisha!"

Alisema kweli. Katika maziwa kuna vijidudu vibaya na vijidudu vizuri. Vile vizuri ndivyo vinavyogandisha. Moto huua vyote pamoja. Bibi yangu hakuchemsha, na vijidudu vizuri vilikaa katika kuta za kibuyu chake.

Je, tuache kuchemsha? Hapana! Maziwa mabichi yanaweza kukuambukiza kifua kikuu cha ng'ombe. Pia yanaweza kukuletea brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe kutupa mimba. Ukimpata mtu, homa yake huenda na kurudi kwa muda mrefu. Chemsha maziwa. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kisha tia mtindi mzuri wa jana, vijiko 2 kwa lita 1, ukoroge. Mimina kibuyuni, funika, weka mahali pasipo baridi. Baada ya siku moja au mbili yatakuwa yameganda.

Nilifanya hivyo. Harufu ilikuwa yenyewe, lakini maziwa yalikuwa mepesi. Hapo nikakumbuka ng'ombe wa bibi. Alikuwa zebu, ng'ombe wetu wa asili. Alitoa maziwa kidogo, lakini yenye mafuta mengi: kama kilo 5 katika kila kilo 100. Maziwa ya ng'ombe wa Friesian yana mafuta kama kilo 3 na nusu tu. Nikaenda kwa jirani mwenye ng'ombe wa Jersey, ambaye maziwa yake nayo ni mazito.

Nikiri jambo moja. Sisi mabwana shamba na mabibi shamba tuliwaambia watu waache vibuyu kwa sababu ni vigumu kuviosha. Ni kweli, na kwa maziwa ya kuuza chombo cha aluminiamu ni bora. Lakini watu wengi waliacha kibuyu wakachukua dumu la plastiki. Dumu likichubuka ndani, uchafu hujificha humo, na hakuna awezaye kulichoma kwa kaa. Hapo hatukusaidia mtu.

Tena, usikate mti mzima kwa ajili ya kijiti. Mzeituni wa porini hukua polepole sana. Tumia tawi kavu, na panda miche michache mpakani mwa shamba lako.

Mara ya tatu nilimpelekea mama kikombe kitandani. Alinusa kwanza. Akanywa taratibu mpaka nusu.

"Moshi umezidi kidogo," alisema. Kisha akamaliza, akauliza kama kuna ndizi za kulia.