Vibarua Watupu Hawaipi Biashara Wepesi

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa mfanyabiashara wa nafaka wa Nabuyoga, mashariki mwa Uganda: je, si afadhali aajiri vibarua watupu, ili soko likigeuka awaachishe bila gharama?

Si afadhali hata kidogo. Imani hii imeenea kati ya Tororo na Busia, na inawanyima wenye biashara ndogo wepesi uleule wanaoutafuta.

Kumbukeni Machi 2021. Tarehe 5 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Tarehe 10 ikayaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika siku hizo chache, nani wa kupima unyevu kama umevuka asilimia 13.5, kutenga punje zenye ukungu na kujua hati ipi hutolewa wapi? Kibarua uliyempata getini alfajiri hawezi. Ulimwita abebe magunia. Na yule aliyejifunza kidogo stooni kwako mwezi jana, ujuzi wake sasa unamfaa jirani yako, kwa sababu hukumwahidi kazi ya kesho. Kila msukosuko unakukuta unaanza kufundisha upya. Huo ni uzito, nao unaulipia.

Sheria nayo haikubebi. Uganda hairuhusu mtu abaki kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Tangu 2022, hata mwenye mfanyakazi 1 anapaswa kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF: asilimia 10 ya mshahara kutoka kwa mwajiri, 5 kutoka kwa mfanyakazi.

Basi fanyeni hivi. Wekeni kikosi kidogo cha kudumu. Vibarua wabaki kwa msimu wa mavuno na upakiaji. Kila mmoja ajue kazi ya mwenzake: mpima unyevu ajue hati za forodha, karani ajue kupanga madaraja ya nafaka. Anayeongeza ujuzi aongezwe mshahara. Kila utaratibu uandikwe ukurasa mmoja, ubandikwe stooni. Kila Jumatatu, kabla ya kupakia, zungumzeni dakika 15: nini kimebadilika mpakani, nani anashika nini. Mtu wenu wa mpakani apewe mamlaka ya kuamua hadi kiasi mlichokubaliana, asingoje simu ya bosi. Na mkataba wa kwanza mwandikieni yule ambaye akiondoka leo, kazi inasimama.