Chumvi bwawani yala faida ya wafugaji wa mwatiko

Wafugaji wa mwatiko katika mwambao wa Kenya na Tanzania huchimba mabwawa karibu na mikoko, ambako maji ya bahari huingia wakati wa bamvua. Maji hayo hayabaki na chumvi ile ile mwaka mzima. Mvua za masika huipunguza na jua la kiangazi huizidisha.

Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Bwawa la kina cha mita 1 likipoteza sentimita 20 kwa mvuke bila kuongezwa maji, kiwango hicho hufika karibu gramu 44.

Mwatiko ni samaki mvumilivu. Huweza kuishi katika maji baridi na hata katika maji yenye chumvi kuliko bahari. Hata hivyo, kuishi si kukua.

Gharama ya chumvi

Chumvi iliyomo katika damu ya samaki huyu ni kama theluthi moja ya ile ya bahari. Katika maji ya chumvi nyingi mwili wake hupoteza maji, hivyo hulazimika kunywa maji hayo na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Katika maji baridi huwa kinyume: maji humwingia, naye hukojoa sana na kufyonza chumvi kutoka nje. Kazi zote mbili hutumia nguvu ambayo ingejenga nyama.

Kwa mfano, mfugaji aliyezoea kutumia kilo 2 za chakula kupata kilo 1 ya samaki akifikia kilo 2.5, gharama yake ya chakula imepanda kwa asilimia 25. Mnunuzi wa Mombasa au Tanga hatamlipa zaidi kwa sababu hiyo.

Saa ya mwili

Mwili wa samaki pia hufuata mpangilio wa usiku na mchana. Usiku hutoa homoni ya melatonini, inayoujulisha mwili kwamba giza limeingia. Utafiti wa samaki wa Bahari ya Mediterania umeonyesha kuwa mabadiliko ya chumvi hubadili kiwango cha homoni hiyo.

Mwatiko hula zaidi mchana. Aidha, alfajiri ndipo hewa ya oksijeni bwawani huwa kidogo zaidi, na maji ya chumvi nyingi hubeba oksijeni pungufu. Chakula kinachotupwa mapema mno huweza kuozea chini.

Kwa hiyo ni vyema mfugaji apime chumvi mara kwa mara, hasa baada ya mvua kubwa, abadilishe maji wakati wa bamvua, na apunguze chakula siku ambazo samaki wanasita kula. Naye anayenunua vifaranga mbali, upande wowote wa mpaka, aulize kwanza walitoka katika maji ya chumvi kiasi gani, kisha awazoeze polepole.