Sindano ya mafuta ikianguka: kadrani inadanganya ao motere inakufa?



Katika fizika tulifundishwa presio: nguvu inayokandamiza juu ya eneo fulani. Wengi wetu tuliandika hayo katika daftari, tukasahau. Mara hii tunataka kuonyesha pahali presio inafanya kazi kweli, ndani ya motokari moja ya zamani ya mbio, Jaguar E-Type, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1961 mpaka 1974. Wenye kuzipenda wangali wanazitunza hata leo.

Mbele ya shofere kuko kadrani ndogo yenye sindano, inayoonyesha presio ya mafuta ya motere (hatusemi esansi!). Pompi inasukuma mafuta katika njia nyembamba mpaka kwenye kusine, ni kusema vile vipande vya chuma vinavyobeba mti wa motere unaozunguka. Presio ikiwa nzuri, chuma hakigusi chuma; kati yao kuko ngozi nyembamba ya mafuta. Ngozi hiyo ikipotea, kusine zinaungua upesi na motere inakwisha. Motere ya silinda sita ya gari hii, ikiwa imepata moto na inazunguka mara 3.000 kwa dakika, inapashwa kuonyesha karibu 40 kwa kipimo cha Waingereza, ratili kwa inchi ya mraba, ni kama bari 2,8. Ikizunguka polepole sindano inashuka. Hiyo si ugonjwa.

Shida iko hapa: mafuta yenyewe hayafiki kwenye kadrani. Karibu na filtre kuko chombo kidogo kinachosikia presio na kutuma habari kwa umeme, kwa njia ya waya. Chombo hiki kina jina baya sana, kinaharibika mara nyingi. Basi mtu akiona sindano imeanguka, anacheka: «Eh, ni kadrani tu,» na anaendelea na safari. Mwingine anaogopa, anafungua motere nzima yenye afya, feza inakwenda bure. Sisi tunamwogopea zaidi yule wa kwanza.

Basi, kwanza zima motere. Usingoje kufika nyumbani. Ngoja mafuta yashuke, chomoa kijiti cha kupimia, tazama kiasi chake, tazama na chini kama yanamwagika. Wengi wanaruka jambo hili kwa sababu ni rahisi mno!

Kisha pima umeme. Motere ikiwa imezimwa, fungua kontakte, toa waya kwenye kile chombo. Sindano inapashwa kulala kwenye sifuri. Gusisha ncha ya waya kwenye chuma kitupu cha motere, kidogo tu, usiiache pale, kadrani itaungua. Sindano ikipanda, kadrani na waya ni vizima, na sasa tunashuku chombo. Isipopanda, tafuta waya uliokatika, fizibo iliyoungua, ao kadrani yenyewe imekufa. Kama sindano imesimama juu kabisa hata waya umetolewa, waya ule unagusa chuma pahali fulani njiani.

Kuko na mtego mwingine. Umeme unarudi kwa kupitia nyuzi za chombo, pale kimekazwa ndani ya chuma. Fundi akizungusha utepe mwingi wa kuzuia mafuta yasivuje, anaweza kuziba njia ya umeme, na chombo kipya kinasema uongo kama kile cha zamani. Hapo fundi anaenda kununua cha tatu!

Lakini umeme kuwa mzuri hakuonyeshi bado kama presio iko. Shahidi wa kweli ni manometre isiyotumia umeme. Kaza mpira wake pahali pa chombo, washa, tazama mara moja kama inapanda. Isipopanda, zima palepale. Ikipanda, acha motere ipate moto vizuri, kisha soma. Motere baridi inaonyesha presio kubwa kwa kuwa mafuta ni mazito, na hapo watu wanajidanganya.

Manometre ikionyesha 40, nunua chombo kipya, uende. Ikionyesha kidogo kama kadrani, basi kadrani ilisema kweli. Motokari isiendeshwe tena. Angalia kwanza kile kifuniko chenye resori kinachopunguza presio, maana uchafu kidogo tu unaweza kukizuia kisifunge, halafu pompi, mwisho kusine.