Fahamu: Kwa nini dawa pekee haimalizi wadudu weupe wa mipapai

Ukiona mpapai umefunikwa na kitu cheupe kama pamba, hao ni vidung'ata, jamaa wa karibu wa wadudu magamba. Asili yao ni Mexico na Amerika ya Kati. Barani Afrika waligunduliwa kwanza Ghana mwaka 2009, kisha Kenya mwaka 2016.

Wanafyonza utomvu hadi majani yanajikunja na matunda kudondoka. Kinyesi chao ni kitamu, hivyo huota ukungu mweusi kama masizi na kuvuta sisimizi. Sisimizi hao ndio walinzi wao: huwafukuza wadudu wanaowala.

Wakulima wengi hukimbilia dawa, tena kali. Lakini nta iliyowafunika huizuia isiwafikie vizuri, huku dawa ikiua maadui wao wa asili. Ni kulipa ili vidung'ata washinde.

Mmoja wa maadui hao wa asili ni nyigu mdogo sana, Acerophagus papayae, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata na kiluwiluwi humla kutoka ndani. Hamuumi mtu. Kenya ilianza kumwachia mashambani mwaka 2021, akitokea Ghana. Mimi ningeweka matumaini kwake kuliko kwenye bomba la kupulizia.

Shambulio likiwa dogo, kata sehemu zilizoathirika uzichome au uzifukie, na osha shina kwa maji ya sabuni. Kagua pia muhogo ulio jirani, maana nao hushambuliwa na vidung'ata. Na tafadhali, usihamishe miche wala matunda yenye weupe huo kwenda shamba lingine.