Usiuze ordinateri yako: badilisha kadi ya sauti

Pengine umetoka Mangurejipa wiki hii, na pikipiki imekufikisha Butembo ungali na tope kwenye viatu. Mfukoni uko na dola ulizopata kwa dhahabu, na rohoni uko na wimbo. Unataka kurekodi nyumbani, wewe na wenzako wa kwaya, bila kulipa studio kila mara. Mwenye duka anakutazama, anasema: « Ordinateri yako imezeeka, nunua mpya. » Ngoja kwanza. Pesa ile, mama watoto anaingojea juu ya minerval. Keti tuzungumze.

Mara nyingi shida siyo ordinateri. Shida ni kadi ya sauti, ni kusema kile kiungo kinachopokea sauti ya mikro na kuigeuza kuwa hesabu. Zamani ordinateri nyingi za ofisi zilijua kulia « bip » tu. Mwaka 1989 kampuni Creative ya Singapuri ilitoa kadi yake Sound Blaster, na mwaka 1992 ikaleta Sound Blaster 16, iliyopima sauti kwa kiwango cha CD: mara 44,100 kwa sekunde moja, kila kipimo na ngazi 65,536. Kisha watengenezaji wakaanza kuweka kazi hiyo ndani ya ubao mkuu wa ordinateri, kwa bei ndogo. Tukapata faida, tukapata na hasara. Ule mlango wa rangi ya waridi ulitengenezwa juu ya mikro ndogo za kuzungumzia. Mikro ya kuimbia, ile ya kushika mkononi kanisani, inatoa umeme kidogo sana, sehemu chache tu za elfu ya volti moja. Basi unapandisha nguvu mpaka mwisho, na pamoja na sauti ya mwimbaji unapandisha pia kelele zote za umeme zilizo ndani ya kasha. Ndiyo ile « shiii » unayosikia.

Fanya jaribio hili kabla ya kutoa hata dola moja. Rekodi dakika moja mikro ikiwa imechomekwa, watu wote wanyamaze. Kisha chomoa mikro, rekodi dakika nyingine. Kama « shiii » inabaki vilevile, kosa liko kwenye kadi. Kama imepungua sana, kosa liko chumbani, ao kwenye mikro na waya wake. Halafu, kama ordinateri yako ni ya kubeba, chomoa chaja na urekodi kwa batiri peke yake. Hapa Butembo tulikaa miaka mingi bila umeme wa kuaminika, tumezoea jenereta na sola, na vyombo hivyo huleta mngurumo wa chini, « vuuu », unaopita kwenye chaja mpaka ndani ya wimbo. Wako watu waliobadilisha vyombo vyote bure, na dawa ilikuwa kuchomoa chaja.

Sasa tuseme kosa ni la kadi. Kwenye ordinateri ya mezani unaweza kufungua kasha na kuchomeka kadi nyingine, umeme ukiwa umekatwa na mkono wako umegusa chuma cha kasha kwanza. Lakini angalia vizuri: kadi nyingi za zamani hazina tena programu ya kuziendesha kwenye Windows ya leo. Utanunua chuma kisichosema neno. Mimi ningekuambia nunua kisanduku cha nje, kinachounganishwa kwa waya wa USB. Kinafanya kazi na ordinateri ya mezani na ya kubeba, na kinakaa mbali na kelele za ndani ya kasha. Dukani, tazama kama kina tundu la mikro lenye mashimo matatu. Kama mikro yako ni ya kondensa, tafuta pia kitufe kilichoandikwa 48V. Mikro ya kawaida ya kuimbia haikihitaji. Omba kujaribu palepale, na ekuteri masikioni.

Programu ya kurekodi usinunue. Audacity inapatikana bure tangu mwaka 2000, na ordinateri ya zamani inaiweza. Dakika moja ya sauti ya CD, kushoto na kuume, inachukua karibu megabaiti 10 na nusu; hesabu mwenyewe nafasi ya diski.

Utakutana na shida moja: mwimbaji anasikia sauti yake ikichelewa katika ekuteri, anapoteza mdundo. Ordinateri inakusanya vipimo kidogo kidogo kabla ya kuvipitisha. Ikikusanya 256, inachelewa karibu sehemu 6 za elfu ya sekunde, kama mtu aliyesimama mita 2 mbele ya ngoma. Ikikusanya 2,048, ni kama ngoma iko mita 16! Punguza hesabu hiyo wakati wa kurekodi, uipandishe wakati wa kuchanganya sauti.

Na chumba, jamani. Rekodi asubuhi, kabla ya pikipiki kuamka na kabla ya mvua kupiga mabati. Blanketi zitundikwe ukutani.

Kwa nini kujisumbua hivi? Waulize watu wa Beni. Tangu Oktoba 2014 mauaji yametawanya watu wa Oicha, Mbau, Eringeti, na mwaka 2024 yakafika mpaka Bapere, sekta ya Mangurejipa yenyewe. Kwaya nyingi hazikutani tena: wengine wamekimbilia Butembo, wengine wako kaburini. Programu inaweza kupunguza « shiii », lakini ikikaza sana inakula na pumzi ya mwimbaji. Kama huna kitu kingine, rekodi kwa simu. Simu nzuri ya leo inashinda mlango ule wa waridi.

Anza na wazee wa shirika lako wanaojua nyimbo za Kinande ambazo hazijaandikwa. Kila faili uipe jina la wimbo, kijiji na tarehe. Nakili kwenye kle mbili, moja uipeleke parokiani.