Marisau Yasiyo na Sumu na Bunduki Kongwe za Mitutu Miwili

Wapo wananchi wenye vibali waliorithi kwa wazee wao bunduki za mitutu miwili, baadhi zikiwa zimeundwa Birmingham kabla ya Uhuru. Ziliundwa kwa ajili ya marisau ya madini ya risasi, na Kiswahili chenyewe hakitenganishi madini hayo na kile kinachofyatuliwa. Sasa mambo yanageuka. Marekani iliyakataza katika uwindaji wa bata mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayapiga marufuku kwenye ardhioevu mwezi Februari 2023. Uganda nayo ni mwanachama wa mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wahamao, unaotaka marisau hayo yaachwe kutumika katika ardhioevu.

Sababu iko katika firigisi. Bata humeza changarawe ili zimsagie chakula. Akiokota marisau yaliyozama matopeni, husagwa pamoja nazo na sumu ikaingia katika damu. Nyama yenye vipande vya madini hayo humdhuru pia mlaji, na mtoto zaidi.

Hata hivyo, kisichomdhuru bata chaweza kumdhuru mwenye bunduki. Marisau ya chuma ni magumu na hayabonyei. Yakifika penye mbano mkali karibu na mdomo wa mtutu, yanaweza kuuvimbisha kama pete, au kuupasua ukiwa umechakaa. Mitutu ya Damasko, iliyofumwa kwa kusokota vipande vya chuma na pua, isitiwe marisau hayo kabisa. Tena chemba nyingi za zamani ni za milimita 65. Risasi ya milimita 70 huingia bila kizuizi, na hapo ndipo penye hila: ganda likifunguka hukosa nafasi, na shinikizo likapanda kupita kiasi.

Kwa bunduki za namna hiyo, bismathi inafaa zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Ni laini kuliko chuma, na uzito wake unakaribia ule wa madini ya risasi. Urefu wa ganda lazima bado ulingane na chemba.

Tazameni mihuri ya majaribio iliyo chini ya mitutu. Alama ya ua lenye petali tatu huonyesha kuwa bunduki ilipimwa kwa marisau ya chuma yenye nguvu zaidi. Mwenye shaka asijaribu kwa kufyatua. Afike kituoni na cheti chake, aelekezwe kwa fundi wa silaha anayetambuliwa kisheria.