OSKA WANGU KASALIMU AMRI!

Samaki alinifanya mtumwa! Oska, mzaliwa wa Amazon, nilimzoesha visamaki hai. Wa kwanza akaugua, akafa; nahisi maradhi yaliingia na visamaki hivyo hivyo. Huyu wa pili nikaapa: hapana!

Nikamnyima chakula siku 3. Oska mkubwa mwenye afya huvumilia, mchanga usimjaribu. Siku ya 4 nikashika mnofu wa kamba kwa kibanio, nikautikisa majini kama kitu hai. Akautazama, akanipa mgongo. Jeuri hiyo! Nikautoa, maji yasichafuke. Siku ya 6, hap! Kameza.

Sasa namchanganyia chakula cha punje kidogo kidogo, anakula. Kumbe mwenye kiburi nilikuwa mimi, niliyependa kuona akiua.